Jinamizi la Kabiria

Jumatatu, 3 Februari 2025
Limenikaba tena, humu chumbani Kabiria. Nilikuwa nimerudi kulala baada ya sala ya Alfajiri. Macho wazi, chumba chote nakiona — pazia, taulo, kitanda cha Joyline, ninayeishi naye, kitupu — lakini hata kidole hakisogei. Kifua kizito, kama mtu kanikalia. Na kando ya kabati, mtu amesimama. Ana mabega ya Joyline.

Kisha Joyline mwenyewe akaingia kutoka jikoni, akanigusa mguu. Likaniachia. "Pole, Ummu. Ulikuwa unakoroma vibaya." Kila mara ni yeye anayenigusa. Anajuaje wakati wa kuja?

Jumanne, 4 Februari
Nimesoma makala ya jinamizi ofisini, saa ya chakula. Ubongo huamka kabla ya mwili. Ndoto inaendelea huku macho yanaona. Hofu ndiyo inayomchonga mtu pale kando ya kabati. Huwapata zaidi wanaolala chali, wanaokosa usingizi, wenye wasiwasi. Mimi yote ninayo. Naelewa kabisa. Ila makala haikueleza kwa nini lilianza Joyline alipohamia kwangu.

Mama kapiga kutoka Lamu, nikamsimulia. Huyo mwenzio wa bara, watu wake wawajua? Nikamwambia ni fundi cherehani, mtu wa Bungoma, anasali kanisani kwao. "Sikukuuliza kazi, mwanangu." Nilicheka. Yeye hakucheka. Amenituma kwa Mwalimu Abdulrauf, mjini.

Alhamisi, 6 Februari
Mwalimu ameniandikia kombe: aya kwa wino wa zafarani, kwenye sahani nyeupe. Niache ikauke, asubuhi nioshe maandishi kwa maji ya waridi, ninywe. Nimeifunika kwa kitambaa mezani. Joyline sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Ijumaa, 7 Februari
Nimetoka kusali, sahani iko kwenye raki ya vyombo. Inang'aa. Ameisugua kwa sabuni!

"Si ilikuwa na mchuzi wa pilau umekauka? Nikasema nikusaidie, dadangu."

Nikamweleza. Akashika mdomo. Aliomba msamaha mara nyingi, kisha akasema polepole: "Lakini ungeniambia. Tunaishi wawili, na unanificha hata sahani."

Mchuzi — wenye mistari iliyonyooka? Msahafu wangu anauona kila siku. Nimemwambia atafute pengine pa kuishi. Hakubisha. Asiye na kosa si hubisha?

Jumapili, 9 Februari
Jana Joyline alienda kwa dada yake, Nanyama, Dagoretti Corner. Leo baada ya Alfajiri limenikaba. Mtu yupo, kando ya kabati, mabega yale yale. Joyline hayupo, na yeye yupo. Basi si Joyline. Na hakuna wa kunigusa. Lilikaa sana, nilidhani safari hii sitarudi.

Amepiga asubuhi hii. Kuna chumba karibu na kwa Nanyama, mwenye nyumba anataka jibu leo. "Nichukue hii chumba ama nirudi? Sema tu, sitakasirika." Nikasema nitampigia. "Sawa. Na ulale kwa ubavu, wewe."

Rudi. Neno lilikuwa mdomoni.

Lakini kwanza nimeinua godoro lake, nione kama kuna hirizi. Hakuna kitu. Nimetoa shuka, nimekung'uta. Hakuna. Mto wake una mshono mmoja ambao si wa kiwandani. Uzi ni mwekundu, umeshonwa kwa mkono, vizuri mno. Simu inaita. Ni yeye. Mkasi ninao.