Kengele ya Bi Time

Jumatano, baada ya Isha

Kengele ile bado inaniudhi. Leo nilikagua nyumba ya wazee, nikabonyeza kengele iliyo kitandani kwa Bi Time. Kimya.

"Sasa bibi, ukianguka unamwitaje mhudumu?"

"Nnamwita hivi," akasema, akapaza sauti: "Zuhura!"

"Naam!" Zuhura akaja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa unga.

Nilicheka, lakini niliandika kengele itengenezwe haraka. Siku akizidiwa usiku, sauti ile huenda isifike jikoni. Hilo linanitia hofu.

Bi Time akanuna. "Ushamwandikia mwanangu kosa?"

"Kengele tu, bibi. Zuhura hana kosa."

Nilipofika mlangoni nikamsikia akiita, "Mwanangu!"

Tukaitika pamoja, mimi na Zuhura: "Naam!"