Ukurasa wa Nne wa Tina

Sanduku la Posta 31,
Eichenbach, Manitoba.
19 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Abram,

Nimeandika "mpendwa" kwa kuwa barua huanza hivyo, na Mama alitulea kwa adabu. Usivimbe kichwa.

Natumaini u mzima huko Bolivia, wewe na Rebeca na watoto. Mgongo wako vipi? Na ile sukari, umeacha kula keki au bado unadanganya daktari? Sisi tupo. Theluji imefika madirishani na wanasema nyingine inakuja. Mume wangu Pete sasa anatetemeka mikono yote miwili, kwa hiyo chai namtilia nusu kikombe na bado nusu ya hiyo inakwenda mezani. Nyonga yangu ya kushoto ni ileile. Mama ametimiza tisini, anakula vizuri, ila majina yanampotea. Mimi ananiita kwa jina la shangazi yetu aliyekufa, nami naitika. Basi, salamu zimekwisha.

Barua yako ya Februari nimeipata. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisoma nimesimama maana kukaa kulinishinda. Eti, "Dada Gerda, usimzuie Tina. Mungu akimwita mtu, ndugu asiwe jiwe njiani." Jiwe! Abram, una macho makavu wewe. Ulikwenda mwaka tisini na sita, miaka mitatu tu, ulituapia mbele ya kanisa zima, na mpaka leo ni miaka ishirini na minane. Baba alipokufa ulikuja siku nne. Siku ya tano ulikuwa uwanja wa ndege unatununulia chokoleti. Halafu leo mimi ndiye jiwe.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Cha Mama hujakilalia, hujakitandika, wala shuka zake hujazifua.

Tena unajua nilivyopata habari kwamba ndugu yetu Tina ameomba kwenda kujitolea huko kwako? Si kwako, na si kwake. Alikuja Januari kuazima mizani ya Pete, ile ya kupimia vitoto vya nguruwe. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya sanduku.

"Nani anapima sanduku kwa mizani ya nguruwe?"

"Mtu anayesafiri," akanijibu, huku anaburuta mizani kwenye theluji kama vile ameniambia anakwenda dukani.

Ndipo yakatoka yote. Kumbe tangu Oktoba mnaandikiana. Kumbe ile nyumba ya wazee uliyoijenga huko inatafuta mama msimamizi wa miaka mitatu. Kumbe ameshachukuliwa alama za vidole polisi, ameshang'olewa meno mawili mabovu ili asije akasumbuka nayo ugenini, na yale mazungumzo ya Kihispania anayosikiliza kwenye basi la shule analoendesha, nikidhani ni redio imeharibika, ni masomo. Watoto wa basi lake sasa wanasema "gracias" badala ya asante wakishuka. Mtaa mzima ulikuwa unajua kasoro mimi.

Nikamwambia, "Tina, mama unaye nyumbani kwako. Utavuka nusu ya dunia ukaogeshe mama za watu?"

Hakukasirika. Ungemjua Tina ungejua hakasiriki, na hilo ndilo linalonimaliza. Alisema, "Gerda, kule kuna zamu. Saa kumi natoka. Na Alhamisi ni siku yangu ya mapumziko, imeandikwa kwenye mkataba."

Miaka kumi na tisa anaishi na Mama na kumtunza, Abram. Nimehesabu Alhamisi nilizompokea zamu nikakomea kwenye vidole vya mkono mmoja. Lakini usidhani nilimwambia hivyo. Nilimwambia afunge mlango, baridi inaingia.

Sasa sikiliza kilichotokea, kwa sababu ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Fomu yake ilirudishwa. Ofisi ya wanaojitolea kule Winnipeg wamemrudishia kwa heshima zote, na barua juu yake. Kurasa zote ziko sawa: cheti cha daktari kipo, orodha ya chanjo ipo, barua ya mchungaji ipo. Isipokuwa ukurasa wa nne. Ukurasa wa nne umeandikwa juu, "Eleza uwezo wako na mambo uliyofanikisha." Unajua dada yako alijaza nini? Alichukua rula akapiga mstari mmoja mnyoofu kutoka juu hadi chini. Basi! Hakuna neno.

Wewe unajua kwa nini. Baba alikuwa akisikia mtoto anasema "mimi naweza," mtoto huyo anaosha vyombo wiki nzima, ajifunze kwamba vyombo havijali nani anaweza. Mimi na Tina tulijifunza. Wewe hukujifunza. Ukurasa wako wa mwaka ule uliujaza mpaka pembeni, ukaomba na karatasi ya kuongezea. Baba aliusoma, akauweka mezani, na jioni ile hakula. Ukadhani tumbo linamuuma.

Vijana wa Winnipeg hawayajui hayo. Kwao karatasi tupu ni mtu mtupu. Lakini waliandika kwamba kama mwombaji anaona vigumu kujieleza, ndugu aliyeishi naye karibu anaweza kumjazia na kutia saini, na ifike kabla ya tarehe ishirini na mbili Machi, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Ndugu aliyeishi naye karibu. Sasa huyo ni nani? Wewe?

Akaja nayo Jumanne ile ya tarehe tano, ameikunja ndani ya mfuko pamoja na ile mikate yetu midogo ya ghorofa mbili, donge juu ya donge, bado ya moto. Akaiweka mezani. "Ukipata nafasi," akasema. Akamfunga Pete vifungo vya shati ambavyo mimi nilivikosea, akaenda zake.

Nitakuambia nilichofanya, na ukitaka unihukumu. Niliitia fomu ndani ya kopo la mikate, nikafunika. Nikasema moyoni, tarehe itapita yenyewe. Sitasema hapana, sitasema ndiyo, nitakuwa nimesahau tu, mwanamke wa miaka sitini na sita ana haki ya kusahau. Tina atakasirika kidogo, wala yeye hakasiriki, na maisha yataendelea. Mama atabaki na mikono anayoijua. Nami nitalala usingizi.

Siku nane. Kila siku tulionana, na kila siku hakuniuliza. Hakuna mtu mwenye kiburi kama mtu mnyenyekevu, Abram. Angeniuliza hata mara moja ningemfokea, yangekwisha.

Siku ya tisa alikwenda Winnipeg kwa chanjo ya mwisho, ile ya homa ya manjano. Akaniomba nikae na Mama mpaka alasiri. Jirani akakaa na Pete. Saa nane theluji ikaanza, saa tisa barabara kuu ikafungwa, na Tina akakwama mjini kwa siku mbili.

Abram, mimi ni mwanamke wa shamba. Nimezalisha ng'ombe. Lakini sikuweza kumgeuza mama yangu mzazi kitandani. Nikimvuta bega, analia. Nikimshika kiuno, ananipiga kofi, na kofi bado analo. Nilimpelekea uji akautema kwenye aproni yangu. Nilitaka kumsafisha akanishika nywele, akasema, "We mwanamke, hebu niletee yule msichana." Nikamwambia msichana yuko mjini, mimi ni Gerda. Akasema, "Gerda mikono yake ya baridi." Kwa hiyo ananifahamu! Kunijua ananijua, ila hanitaki.

Jioni nilimpigia Tina simu, nikiwa nimekaa chini bafuni. Nikamwambia siwezi. Hakusema, "Nilikuambia." Alisema, "Weka mikono yako kwenye maji ya moto kwanza. Halafu mchane nywele. Ukimchana anaimba, na akiimba analegea, hapo ndipo unamgeuza, kwa upande wa dirishani, mto ukiwa chini ya goti. Uji utie chumvi, siyo sukari. Usimwambie unafanya nini, mwambie tu hali ya hewa."

Nikafanya hivyo. Nikamwambia theluji, upepo, theluji. Akaimba wimbo wake beti zote nne, mama huyu asiyejua leo ni mwezi gani. Akageuka kama mtoto.

Nilikaa pale nikalia, sikufichi. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huruma. Nilimkasirikia Tina kwa kujua yote hayo na asituambie. Nilijikasirikia mimi ninayeishi mwendo wa dakika saba kutoka kwao na sijui chumvi wala sukari. Na wewe nilikukasirikia kuliko wote, kwa sababu sisi wawili angalau tulikuwapo tukikosea.

Ijumaa Tina akarudi. Jumamosi asubuhi nilitoa fomu kwenye kopo, nikapangusa makombo, nikajaza ukurasa wa nne.

Nimeandika kwamba anaweza kumgeuza mtu mzima peke yake bila kumuumiza. Kwamba ameendesha basi la shule miaka ishirini na mbili katika barafu na hajamwangusha mtoto. Kwamba anapika kwa asiye na meno na asiye na hamu. Kwamba usiku anaamka mara tatu na asubuhi hasimulii. Nimeandika mpaka mstari wa mwisho, nikageuza, nikaandika nyuma. Baba angeninyima chakula. Pete alitaka kuongeza lake, akashika kalamu kwa mikono yake ile, ikatoka michirizi tu. Nikaandika chini yake: "Huu ni ushahidi wa mume wangu, anasema huyu mwanamke ana heshima."

Usifurahi. Sikuandika kwa ajili yako wala ya nyumba yako ya wazee. Nimeandika kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa mtu anayevuka nusu ya dunia kutafuta Alhamisi moja si wa kumfungia kwenye kopo la mikate.

Lakini chini ya ukurasa kulikuwa na swali moja zaidi, kwa maandishi madogo. Linasema: "Kama mwombaji anamtunza mtu nyumbani, ni nani atakayechukua kazi hiyo katika muda wote wa utumishi wake? Jina, uhusiano, simu."

Nilifikiri sana pale. Mimi siwezi, Abram. Nalisema bila aibu: nina Pete, nina nyonga hii, na Mama hanitaki. Nyumba ya wazee ya hapa Eichenbach foleni yake ni miaka miwili, na wasiwasi wangu ni kwamba Mama hana miwili.

Nimeandika jina lako. Abram Friesen. Uhusiano: mwana. Na simu yako ya Santa Cruz, nikaihakiki mara mbili. Tina hajui, yeye alinipa karatasi akanipa na imani, na bahasha nimeilamba mwenyewe. Jana Jumatatu imeondoka kwa posta ya haraka. Watakupigia mwezi ujao kukuuliza kama unakubali. Ukisema hapana, Tina haendi, na utakuwa umemzuia wewe, kwa mdomo wako, na mimi nitamwambia. Ukisema ndiyo, yeye anaondoka tarehe mbili Septemba, nawe uwe hapa kumi na tano Agosti ili akufundishe kugeuza. Kujitolea unakujua, una uzoefu, ukurasa wako ulisema hivyo. Miaka mitatu tu.

Rebeca kama atapenda kuja, kitanda cha chumbani kwako ni kipana. Leta viatu vya theluji, vya Baba havitakutosha.

Nisalimie Rebeca, mwambie nampenda na hana hatia katika hili. Nisalimie Tomás na Elisa, na yule mtoto wa Elisa ambaye hatujamwona. Pete anakusalimu. Tina angekusalimu lakini hajui nakuandikia.

Mama nilimwambia Jumapili wakati namchana nywele. Nikasema, "Mama, huenda Abram akaja kukutunza." Akaacha kuimba. Jina lako halikumpotea, kwa taarifa yako. Akasema kwa fahari kabisa, "Abram hawezi kuja. Abram ana kazi, anatunza wazee."

Mungu akulinde njiani, maana sitaki kusikia kisingizio cha ajali.

Dada yako akupendaye, na anayekusubiri Agosti,

Gerda