Konzi la Mchele

Buxton, Mombasa
Jumapili, 18 Agosti 2024

Kwako dada yangu Lubaba,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima hapo Dar es Salaam, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kifua cha Kashif kimepata nafuu. Sisi hatujambo. Mama miguu inamsumbua, lakini mdomo bado mzima, na kila siku anauliza kama umepiga simu. Utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, mimi ambaye hata ujumbe wa simu naujibu baada ya siku tatu. Haya ya leo siwezi kuyasema kwa simu. Nikisikia sauti yako nitanyamaza, kama nilivyonyamaza siku zote.

Juzi nilipita Mji wa Kale, mbele ya kinu cha viungo cha marehemu Ami Gaffar, babako. Mlango ungali na kufuli, na harufu ya bizari ingali inatoka chini yake. Nikakumbuka utoto wetu, mama yangu akichambua pilipili uani kwa kibarua cha babako, nasi tukigombania kazi moja tu, ya kumwaga konzi la mchele kinuni. Babako akimaliza kusaga kitu kimoja, hasagi kingine mpaka kwanza apitishe konzi la mchele mkavu, na unga wake autupe. Alisema bila hivyo mdalasini wa Bi Amtulla utanuka bizari ya mtu mwingine. Wewe ulikuwa ukinipokonya lile konzi, kisha unalia wewe.

Kazi yangu sikuwahi kukueleza vizuri. Pale maabara nina mashine inayosukuma kimiminika kwa nguvu ndani ya mrija mwembamba wa chuma. Ukitia sampuli, kila kilichomo hutoka kwa dakika yake, na kwenye skrini huchoreka mlima. Rangi nyekundu ya kiwandani, ile ambayo walaghai hutia kwenye pilipili, nayo ina dakika yake. Mashine yenyewe ina madeko ya bibi harusi. Shinikizo likipanda, jua chujio limeziba. Likirukaruka, pampu imemeza hewa. Milima ikitanuka, mrija umechoka.

Siku ile ya Oktoba mwaka jana wakaguzi walipoleta pilipili ya babako, pampu ilikuwa imemeza hewa tangu asubuhi. Nilihangaika kuitoa hadi adhuhuri, na mkubwa wangu akija kila nusu saa kuuliza majibu. Ilipotulia nikapitisha rangi yenyewe, tunayoiweka kama kielelezo, ili niijue dakika yake. Papo hapo nikapitisha pilipili. Mlima mdogo ukasimama mahali pa rangi, nami nikaandika kwamba imo.

Yaliyofuata wayajua. Duka lilifungwa, magunia yakateketezwa, na watu aliowauzia miaka thelathini wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Babako alikuja maabara mara moja tu, wala hakugomba. Aliniuliza kabla ya pilipili yake nilikuwa nimepitisha nini humo. Nilimjibu, kwa kiburi cha mtu aliyesoma, kwamba mashine yetu hujisafisha yenyewe. Nawe uliponipigia kuniuliza kama ni kweli, nilikwambia mashine haisemi uongo. Idd ikaja, hukumletea wajukuu.

Lubaba, pilipili ya babako ilikuwa safi. Mwezi Novemba nilikuwa nikimwonyesha Mirriam, mwenzangu mpya kazini, kwamba kati ya sampuli na sampuli hupitishwa kimiminika kitupu, ili kuona kama mashine haikubakiza kitu. Tukakipitisha baada ya ile rangi. Mlima ule ule ukasimama, kimo kile kile. Mpira wa sindano inayoingiza sampuli ulikuwa umechakaa na kubakiza rangi iliyotangulia. Siku ile ya haraka sikupitisha kitupu, mimi niliyelelewa kwenye konzi la mchele. Nikatoa pilipili ya babako iliyobaki kabatini, nikatia mpira mpya, nikaipima mara tatu. Hapakuwa na mlima.

Ningekuwa nimekosea tu, ningelala. Lakini hiyo ilikuwa Novemba, na babako alifariki Julai. Miezi minane nilijua na nikanyamaza, kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Mwezi Mei nilimwona babako pale kivukoni Feri, amebeba mfuko wa vipaketi akaviuze Likoni. Nilitaka kujificha, akaniita. Akaulizia miguu ya mama, akanipa paketi ya bizari nimpelekee. Nikapokea, nikashukuru, nikaenda zangu. Mama aliipikia wali akamwombea dua, nami nikasema sina njaa.

Ijumaa nilimkabidhi mkubwa wangu barua inayoeleza yote, pamoja na michoro. Kazi huenda ikaisha, na iishe. Nakala zako zimo humu. Nyingine nitazibandika kesho kwenye mlango wa kinu, majirani wasome.

Kilichonishinda ni siku ya mazishi. Ulikaa karibu nami kwenye chumba cha wanawake, ukaninong'oneza kwamba umemsamehe babako. Nami nikakushika mkono, nikasema umefanya vyema.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu. Mama anakusalimu sana. Yeye bado hajui, nitamwambia nikishaifunga barua hii. Babako hakuwa na kosa la kusamehewa, dada. Ule msamaha uliompa ni wangu, nami sithubutu kukuomba.

Ni mimi,
Winnie Kaingu