Milipuko Niliyomwekea Mama

Jumatatu, 2 Juni
Umeme hakuna tangu asubuhi. Jenereta. Nimekata picha zote za mto. Nzuri, lakini hazina kazi. Filamu ni fupi, nataka vijana wa Kisangani wanaotamani bunduki waione, waghairi. Basi. Anayezungumza ni mama yangu peke yake: majeshi mawili ya kigeni yakigombania mji wetu, vijana hawa hawajazaliwa, na kombora lililomuua dada yangu uani. Nilimbembeleza miezi mingi akubali.

Jumatano, 4 Juni
Trésor, fundi wangu wa sauti, ameleta milipuko ya kurekodiwa. Nimeiweka chini ya maneno ya Mama. Dirisha linatetemeka. Nimefurahi kama mjinga.

Jumamosi, 7 Juni
Tumeijaribu filamu mtaani Kabondo, kwenye kiwanja cha jirani. Shuka ukutani, spika kubwa. Vijana mbele. Bomu la kwanza, wakashangilia. Nikageuka. Nyuma, watu wazima wote walikuwa chini, kifudifudi, mikono kisogoni. Hakuna aliyewaambia. Mama alikuwa chini ya benchi, amekumbatia mtoto wa watu. Nilizima. Aibu tupu. Tonton Albert, kaka yake Mama, alijipangusa vumbi.
“Bon, tulishakufaka mara moya. Unataka tena?”

Jumapili, 8 Juni
Mama hakwenda misa. Hasemi nami. Tonton ameleta ujumbe: niondoe sura yake. Bila yeye sina filamu. Nimemkasirikia Mama, kisha nikajikasirikia zaidi.

Jumanne, 10 Juni
Trésor anataka tupunguze sauti tu. “Lakini vijana walipenda, quand même.” Hapo ndipo penye ubaya. Nimefuta milipuko yote. Imebaki sauti ya Mama, na pale anaponyamaza katikati ya habari ya dada, nimekiacha kimya chote, kirefu mno. Nimempelekea kompyuta pamoja na lituma ya ndizi za kuponda na samaki. Nikamwonyesha pa kubonyeza, nikaondoka. Akikataa, naifuta.

Alhamisi, 12 Juni
Mama amerudisha kompyuta mwenyewe. “Onyesha.”

Jumamosi, 14 Juni
Kiwanja kilekile. Mvua kidogo, watu wamebaki. Hakuna aliyeshangilia. Mama wa kwenye shuka aliponyamaza, kijana mmoja akapiga kelele kwamba spika imekufa. Mama akamjibu kutoka kwenye benchi, bila kusimama:
“Haiko mbovu. Pale niko namuita mutoto yangu. Haitike.”
Yule kijana akakaa. Tulitazama mpaka mwisho, kisha tukakunja shuka.