Mwizi Aliyevaa Sare Yetu

Watamu, Jumanne, Juni 1986. Mvua ya alfajiri imekatika, yamebaki manyunyu.

Nimemkosea mke wangu, Kadzo. Naliandika hili kwanza nisije nikalizungukazunguka.

Kadzo ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari wa Kilifi alisema ni saratani, akataka titi litolewe mapema. Mimi ndiye niliyesema tungoje. Halafu Karisa, kaka yake, alipouliza mbona hatuendi, nikamjibu kuwa dadake anaogopa kisu.

Kadzo alikuwa palepale anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

Kisingizio changu kilikuwa redio. Nikiwa zamu pale geti la hoteli ninayolinda, nilisikia kwamba ng'ambo madaktari wanajaribu dawa za kuamsha askari wa mwilini, wapigane na saratani wao wenyewe. Wengine wamejaribu hata chanjo ya kifua kikuu. Basi Kadzo ana kovu la chanjo hiyo begani. Nikamwambia, "Askari unao tayari. Wape muda."

"Askari kama wewe, Baba Charo?" akaniuliza. "Uliyempigia saluti mwizi wa mashuka?"

Ni kweli. Mwizi yule alikuwa mfanyakazi mwenzetu. Alipita na sare yake, mashuka ya hoteli yamo ndani ya mzigo wake, nikamfungulia geti, nikamtakia njia njema.

Jana nilikwenda Kilifi peke yangu kuuliza habari za hizo dawa. Daktari hakunicheka.

"Saratani si mgeni, mzee," akasema. "Imezaliwa humo humo mwilini, inafanana na wenyeji. Ndiyo maana askari wanaipita tu. Dawa za kuwafumbua macho bado zinajaribiwa. Na kovu la begani halitibu titi. Mama asingoje."

Tangu hapo nawaza. Baada ya wizi ule, meneja alituambia tusitazame nguo, tutazame mzigo. Je, na saratani ina mzigo wake, kitu inachobeba ambacho wenyeji hawana? Askari wa mwili anaweza kufundishwa kukitambua? Anafundishwaje asiyesikia wala kusoma? Natamani sana kujua. Huenda wajukuu zetu watajua.

Lakini nisijidanganye. Sikuwa nangoja dawa.

Niliogopa kuwa na mke wa titi moja. Niliogopa maneno ya wenzangu tunapokunywa pombe ya mnazi.

Niliporudi nilimweleza Kadzo yote aliyosema daktari. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu.

"Na Karisa?"

Akaendelea kukuna nazi.

Alhamisi asubuhi tunakwenda Kilifi, nami nitatia sahihi apasuliwe. Lakini kesho, kabla sijaingia zamu, nitamwita Karisa aje hapa nyumbani. Nitamwambia mbele ya Kadzo: dadako hakuogopa kisu hata siku moja. Mwoga ni mimi.