Kitanda Alichokiharibu Respicius

Irene, pokea simu basi! Mume wangu kanitia aibu mbele ya mama.

Wiki tatu Respicius anang'oa vitanda vya deka kwenye ile kempa, lile gari la kulala safarini, iliyopaki uani, aunde kitanda kimoja kipana ili mama akija asipande ngazi. Godoro jipya, mapazia, vitaa. Watanzania wote wa hapa Lanham, Marekani, wametumiwa picha.

Leo mama kaingia, kasifia. Mwanaume akavua viatu AKAJILAZA! "Mama, ona, kinanibeba hata mimi!"

Kajilaza, Irene! Kwenye kitanda cha mama mkwe! Mhaya mzima, mwiko anaujua!

Mama akasema taratibu, "Siwezi kulalia alipolala mkwe wangu."

Sasa fundi atalala humo peke yake. Mama kahamia ndani ya nyumba, chumbani kwa watoto, kwenye deka yao. Mwanangu Amara kagoma kuachia kitanda cha chini, kwa hiyo ndiye huyo mama yangu, na goti lake bovu, anapanda ngazi.