Mama Mkwe Ukutani kwa Firdausi

Jumamosi, 13 Julai 2024

Kama unasoma hapa na wewe si Aline, nakuomba kwa heshima zote — funga. Usimsomee mtu hata mstari mmoja, hata kwa utani, hata kwa nia njema. Kasulu ni ndogo, na mimi bado niko kwenye majaribio kazini.

Basi. Leo maonyesho yamefunguliwa hotelini kwa Firdausi. Naita maonyesho, ila watu walikuja kula. Firdausi ametoa ukuta mzima wa upande wa jikoni. Wachoraji wa hapa mjini, wale wale wanaochora vichwa vya saluni na simba kwenye malori, wametundika picha walizochora kwa kupenda wenyewe. Mimi nimeandika vikaratasi vya chini ya kila picha. Mwandiko wangu unasomeka, na Manirambona, mmoja wa wachoraji hao, aliniomba. Tunaimba kwaya moja.

Mapokezi mabaya. Mzee mmoja aliuliza kama picha zinashibisha. Mwalimu fulani alipita mbele ya kila moja mikono nyuma, kama anasahihisha, akasema haya ni matangazo ya kinyozi, kinyozi tu ndiye hayupo. Dada wa meza ya pembeni akataka kujua Manirambona ni mtu wa wapi hasa. Hiyo "hasa" niliielewa. Nikajibu, wa Makere. Na kabla ya Makere? Nikajifanya nimeitwa jikoni.

Picha yake ndiyo kubwa kuliko zote. Bibi anacheka, kiko cha tumbaku mkononi, mdomo wazi, meno ya mbele hakuna. Kaa meza yoyote, anakutazama. Bibi huyo ndiye aliyempa Manirambona shamba la kulima kule Makere, na nyumba ya Manirambona iko humo humo shambani. Bibi mwenyewe alitaka jina lake liandikwe wazi. Nikaandika: THEODOSIA WA MAKERE NA KIKO CHAKE.

Picha naipenda. Waliokuja kuitazama siwapendi.

Jumatatu, 15 Julai

Balaa.

Bosi wangu, Bwana Kipriani, meneja wa ghala la maharage ambako mimi ni karani, hula kwa Firdausi kila mchana. Leo alikuwa na wanunuzi kutoka Kigoma. Ugali wa muhogo, samaki wa migebuka, kila kitu mezani. Kanawa. Kamega tonge. Kainua macho. Tonge likarudi kwenye sahani. Katoka kichwa chini, mikono ina ugali, wageni wameachwa wanatazamana.

Sikujua. Naapa sikujua! Theodosia ni mama mzazi wa mkewe. Na huku kwa Waha, na kwetu pia tuliotoka Burundi, mwanamume hali mbele ya mama mkwe. Jina lake halitamki. Wakikutana njiani anapisha, hata kwa kuingia majanini. Sasa mama mkwe yuko ukutani, anacheka bila meno, na jina lake liko chini kwa herufi kubwa.

Kabla ya kufunga kazi wapagazi wote wa ghalani walikuwa wanajua. Mmoja aliniuliza, kwa sauti ya kusikika hadi ofisini, kama mabukwe wa bosi, yaani mama mkwe wake, naye anaagiza migebuka au anatazama tu.

Jumanne, 16 Julai

Hoteli imejaa. Hawakuja kwa picha. Wamekuja kumwona Kipriani akishindwa kula.

Naye akaja! Wakubwa ndivyo walivyo, hawataki ionekane wamekimbia. Kakaa akiipa picha mgongo. Dereva mmoja wa lori akahamia meza ya mbele yake, akainua sahani kuelekea ukutani.

"Mama, karibu chakula. Huyu mkweo anaona haya, nimhamishie nje?"

Walicheka hadi waliokuwa wanalipa. Kipriani hakugeuka. Kanywa maji, kaondoka.

Baadaye akanituma mimi nikamwambie Firdausi aishushe picha. Yeye mwenyewe hawezi. Kuishika ni sawa na kumshika mama mkwe. Wapagazi walisema migongo inawauma, wakaenda kucheka nyuma ya ghala. Nikabaki mimi, mtu wa majaribio.

Firdausi alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mwambie bosi wako ukuta ni wangu. Yeye anaona haya kula, mimi sioni haya kuuza."

Halafu akanigeukia. Kwamba nina uso gani — karatasi nimeiandika mwenyewe, sasa natumwa kuja kuibandua, na Manirambona ananiita dada. Alisema kwa sauti. Nikatazama mlangoni. Salumu, dereva wa bosi, alikuwa amesimama pale na kitumbua mkononi.

Jumatano, 17 Julai

Asubuhi Firdausi alipokwenda sokoni, Salumu akaingia na kamba, akaishusha picha, akaitupa kwenye pikapu. Sasa iko ghalani, imegeuziwa ukutani katikati ya magunia, na juu yake turubai ili bosi aweze kupita.

Kikaratasi kilikuwa mezani kwa bosi aliponiita. Hakufoka. Angefoka ningepumua. Aliuliza kama kazi naiona nzito. Akasema wa majaribio wanapitishwa mwisho wa mwezi, na jina langu bado hajalipeleka. Akauliza baba yangu alizaliwa wapi. Anajua vizuri alizaliwa wapi. Nikajibu hata hivyo, nimesimama, kama mtoto wa shule.

Sijala. Mimi pia sasa.

Ijumaa, 19 Julai

Habari zimefika Makere kabla ya magari. Kule inasemwa hivi: mkwe amemfukuza bibi hotelini mbele za watu, akamfungia ghalani na panya. Mkewe leo ametoka na mtoto mgongoni na begi, amerudi kwao. Ghala zima linajua.

Kipriani amekonda usoni. Anakula wapi siku hizi, sijui. Ameniita ofisini, akafunga mlango kwanza.

"Jumapili tunakwenda Makere. Utamwambia bibi kwamba wewe na huyo mchoraji mlimweka pale ili watu wamcheke. Mimi nikamwondoa kulinda heshima yake. Ukisema hivyo, Jumatatu jina lako linakwenda."

Nikauliza, na Manirambona?

"Atahama. Watu wale wamezoea kuhama."

Alisema "watu wale" akinitazama mimi. Nikasema sawa, bosi. Nilisema sawa! Nimeandika kama nilivyosema, sitafuta.

Jumamosi, 20 Julai

Manirambona yuko Gwarama, anapaka na kuchora duka la mtu. Hapatikani. Hajui picha imeshushwa, hajui bibi amekasirika, hajui chochote. Nimempigia hadi yule mwanamke wa kwenye simu ananichosha kwa adabu yake.

Nimefikiria vizuri. Watoto wa kiume wa bibi wanalitaka lile shamba siku nyingi. Nikisema tulimcheka mama yao, hawatangoja Manirambona arudi. Nyumba, mihogo, makopo yake ya rangi, vyote nje. Nisiposema, kazi hakuna. Na kwetu aliyeajiriwa ni mimi peke yangu.

Nimemweleza mama. Amesema niseme. Mwenzangu ni mwanamume, ana mikono, atapata pa kulima. Sisi tumeishi hapa kwa kutokuwa na maadui. Alisema bila kunitazama, anamenya ndizi. Nilimchukia kidogo. Halafu nikamenya naye.

Nimejifunza ile sentensi mbele ya kioo. Inatoka vizuri sana. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumapili, 21 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Tumekwenda baada ya ibada. Salumu anaendesha, bosi mbele, mimi nyuma na picha imefungwa turubai. Njiani Kipriani alinitaka niseme ile sentensi. Nikaisema. Akanisahihisha kidogo, niweke huzuni.

Gari likasimama barabarani, nje ya migomba. Hapo ndipo mwisho wake. Kumsogelea mama mkwe aliyekasirika, bila kuitwa — hawezi. Akamtuma Salumu aingie nami awe masikio yake. Salumu ni mtu wa Tanga. Amekaa huku muda mrefu, ila Kiha chake ni salamu na bei ya mbuzi. Sijui kama bosi alisahau au aliona mtu kama mimi hawezi kuthubutu.

Bibi alikuwa kwenye kigoda uani. Mdogo kuliko kwenye picha. Hakucheka. Watoto wake wa kiume wamesimama nyuma yake, binti yake kakaa chini na mtoto. Nikapiga magoti, nikaanza kwa Kiswahili kama nilivyofundishwa, kwamba mimi na Manirambona tulimweka pale—

Akainua mkono. Akaniuliza kwa Kiha kama Manirambona anakula vizuri huko alikokwenda, maana akichora anasahau kula. Akasogea mbele kwenye kigoda.

"Mwanangu, ulipoandika jina langu, ulikuwa unanicheka?"

Nikajibu kwa Kirundi cha nyumbani, ambacho kinafanana na Kiha na pale kila mtu anakielewa, ila Salumu. Hapana, bibi. Nikaendelea. Sikupanga kuendelea! Nikasema yote bila kupumua: dereva wa lori na sahani yake, mimi kutumwa, kamba, magunia, turubai, na sentensi niliyopewa na nilichoahidiwa nikiisema. Salumu alikuwa anaitikia kwa kichwa muda wote, kama mtu anayesikia alichotumwa kusikia.

Bibi akanyanyuka, akaanza kutembea kuelekea barabarani.

Kipriani alimwona kati ya migomba. Akageuza uso, akazunguka nyuma ya gari. Bibi akazunguka. Yeye akapita mbele, kofia ameishusha hadi puani. Bibi akageuza njia. Alikuwa anatembea tu, fimbo mkononi, na mwanamume mzima, meneja, anamzunguka kwa upande mwingine. Binti yake alianza kucheka, akajiziba mdomo na kitenge. Mwisho Kipriani akaingia upande wa usukani, akaondoka. Picha ndani. Salumu nje.

Salumu akaniuliza niliwaambia nini.

"Nilichotumwa," nikasema.

Nilidhani yamekwisha. Lakini mtoto mkubwa wa bibi alinifuata pembeni, akanishukuru kwa kusema kweli, na kwa sauti ile ile, ya upole kabisa, akaendelea. Mama amezeeka, anapenda kuchorwa. Shamba si la mama na kiko chake, ni lao. Aliyemfanya mama yao achekwe Kasulu nzima, awe alikusudia, awe hakukusudia, halimi tena hapo.

Bibi alisikia kutoka njiani. Akajibu kwamba hajafa bado. Mwanawe akasema hakuna aliyesema amekufa. Wakaanza, wote kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa ananitazama.

Nikatoka hadi barabarani. Gari la Kibondo likatangulia kuja, la Kasulu bado. Nikapanda la Kibondo.

Jumatatu, 22 Julai

Kibondo, kwa shangazi. Muda huu ningekuwa napima maharage.

Bosi amepiga. Sikupokea. Salumu ametuma ujumbe: bosi anataka nije na maelezo, na anasema nimeiba turubai. Turubai liko kwenye gari lake! Nimeitoa laini, nimeweka ya shangazi. Nachungulia dirishani kila pikipiki ikipunguza mwendo nje.

Kabla sijaitoa, binti wa bibi alinipigia. Alisema haraka, kwa kujificha. Kaka zake wameamka wakaanza kung'oa mihogo ya Manirambona. Bibi amekaa mlangoni kwenye nyumba ya Manirambona, kiko mdomoni, na hakuna aliyethubutu kumruka. Binti hajui bibi atakaa mpaka lini. Mgongo unamsumbua. Akaniomba jambo moja, Manirambona asifike peke yake bila kujua. Kaka zake wana majembe mkononi na wana hasira ya kushindwa na mwanamke mzee.

Nimempigia Firdausi, naye amepata namba ya yule mwenye duka wa Gwarama. Alinitukana kwanza. Ukuta wake uko mtupu na wateja wamepungua, na yote hayo ni kosa langu. Halafu akasema, haya, nipe maelekezo nimfikishie. Nimempa. Nayaandika na hapa, kama nilivyoyasema, ili kesho woga ukinizidi nisije nikasema sikumwita mtu:

Manirambona asipige namba yangu ya zamani. Akitoka Gwarama atapita Kibondo — asipitilize. Ashuke stendi, asipande bodaboda ya pale, wanauliza maswali. Atembee kufuata barabara ya sokoni mpaka duka la vitenge la Shamsia. Asiseme anamtafuta karani. Aseme anamtafuta Aline, wa kwa Mpawenimana, yaani kwa shangazi. Shamsia atamwonyesha geti la bluu. Tutakwenda Makere wote wawili, mimi nikiwa mbele, maana mimi ndiye niliyesikia maneno ya watoto wa bibi.

Akikuta pamefungwa, asiondoke. Abishe. Nitakuwa ndani. Nitachelewa kufungua, lakini nitafungua.